Mkono wa Chuma Haugawi Mafuta kwa Haki

Kila gesi, dhahabu au mafuta yanapogunduliwa Afrika Mashariki, wataalamu wa uchumi huulizwa swali lile lile: je, mali hii isingegawanywa kwa haki zaidi na kiongozi mkali asiyesumbuliwa na uchaguzi? Ushahidi unaoletwa nao haubadiliki. Ni orodha inayozunguka WhatsApp miaka nenda rudi, kwamba katika Libya ya Muammar Gaddafi umeme ulikuwa bure na kila maharusi walipewa dola 50,000.

Orodha hiyo imekwisha kupotosha watu wa kutosha. Ni kweli kwamba shule na hospitali za Libya ziligharimiwa na serikali, na petroli iliuzwa kwa bei ya kutupa. Lakini nchi yenye watu wapatao milioni 6 na akiba kubwa ya mafuta kuliko zote Afrika inaweza kumwaga ruzuku na bado ikagawa vibaya. Sheria Na. 15 ya 1981 ilibana mishahara ya watumishi wa umma kwa miaka mingi, na serikali ndiyo iliyokuwa mwajiri mkuu. Mashariki, kwenye visima vingi vya mafuta, watu walilalamika kutelekezwa. Uasi wa Februari 2011 uliwaka huko, Benghazi. Mwishoni mwa 2007, watu wa jamii ya Watebu katika mji wa Kufra walivuliwa uraia, na huduma za umma zikawapita. Miaka hiyo hiyo kampuni ya uwekezaji ya serikali ilikuwa na hisa za klabu ya Juventus ya Italia, na Saadi, mtoto wa Gaddafi, aliwahi kuketi katika bodi yake.

Basi usawa unaosifiwa ulipimwa na nani? Kipimo cha Gini, kinachoanzia 0 kwa usawa kamili hadi 100 kwa mtu mmoja kuchukua vyote, hakina tarakimu ya Libya ya enzi hizo katika takwimu za Benki ya Dunia. Mtawala asiyeulizwa kitu hana haja ya kuchapisha nani anapata nini.

Atakayesema Libya ni mfano mmoja tu aiangalie Guinea ya Ikweta. Teodoro Obiang anatawala tangu 1979, mafuta yalianza kutoka kwa wingi miaka ya 1990, na mwaka 2017 mahakama ya Paris ilimtia hatiani mwanawe Teodorín kwa utakatishaji wa fedha zilizoibwa kwa umma.

Hata hivyo, kura peke yake haitoshi. Botswana imefanya uchaguzi bila kukatiza tangu uhuru wa 1966, almasi zake zimejenga barabara na shule, lakini Gini yake ilikuwa zaidi ya 53 katika utafiti wa 2015/16. Migodi ya almasi huajiri wachache. Asiye na ajira wala ng'ombe hubaki pembeni.

Bolivia inafundisha zaidi. Oktoba 2003 maandamano ya jiji la El Alto kuhusu gesi yalimng'oa rais. Kura ya maoni ikafuata 2004, na sheria ya 2005 ikapandisha mrabaha na kodi ya gesi hadi nusu ya thamani ya uzalishaji. Mwanafunzi wa shule ya umma akaanza kupewa boliviano 200 kwa mwaka, na wazee wa miaka 60 na zaidi wakalipwa pensheni hata kama hawakuwahi kuajiriwa. Kima cha chini cha mshahara nacho kilipandishwa. Gini ikashuka kutoka takriban 57 mwaka 2006 hadi karibu 42 mwaka 2019. Baadaye gesi ikapungua na dola zikaadimika, hivyo akiba ni lazima iwekwe mapema.

Kwa wasomaji wa hapa, kazi ni hii: daini mikataba ichapishwe, jambo ambalo sheria ya uwazi ya Tanzania ya 2015 inaliagiza. Wakenya, fuatilieni mgawo wa asilimia 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii katika sheria ya petroli ya 2019. Mnaoishi jirani na migodi ya Tanzania, halmashauri zenu hutoza ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mauzo. Mwiteni diwani mkutanoni, mwambieni aje na hesabu ya fedha hizo.