Chagua Chombo ambacho Uso Wake Hurudi

Kikaango chenye utando wa tefloni hakidumu, hata ukinunue kwa bei kubwa kiasi gani. Tefloni iligunduliwa mwaka 1938 na Roy Plunkett, mkemia wa kampuni ya DuPont, na kwa kuteleza haina mpinzani. Lakini ni rangi nyembamba tu iliyopakwa juu ya metali. Kijiko cha chuma huikwaruza. Moto ukipita nyuzi 260 za Selsiasi huanza kuharibika, na ukizidi hapo hutoa mvuke wenye madhara. Kikaango kitupu juu ya jiko lenye moto mkali hufikia joto hilo kwa dakika chache. Utando ukishabanduka, hakuna namna ya kuurudisha nyumbani; utanunua kingine.

Kwa hiyo, anayetaka chombo cha miaka mingi aangalie kwanza kama uso wake unaweza kufanywa upya.

Chuma cha kusubu kinaongoza kwa hilo. Ni kizito na huchelewa kupata moto, lakini kikishaupata hakiuachi haraka. Ndiyo maana kinafaa sana kwa chapati na vitumbua. Kabla ya kukitumia, kioshe, kikaushe motoni, kipake mafuta ya kupikia kidogo sana, kisha ukifute mpaka kionekane kama hakina mafuta. Kipashe moto hadi moshi ukome. Rudia mara tatu au nne. Mafuta yaliyoungua hivyo hugeuka utando mgumu mweusi ulioshikana na chuma, na chakula huacha kuganda. Kikiota kutu, isugue yote, uanze tena: kikaango kimekuwa kipya. Usikilaze na maji, wala usichemshie humo ukwaju au nyanya kwa muda mrefu, kwa kuwa uchachu hula utando huo.

Chuma cha pua hujitengeneza chenyewe. Ndani yake mna kromi, ambayo ikikutana na hewa hufanya ngozi nyembamba isiyoonekana; ukiikwaruza, hurudi. Alama ya 18/10 chini ya sufuria maana yake ni kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 10. Nyanya, ndimu na siki havikidhuru. Udhaifu wake ni kwamba hupitisha joto vibaya, karibu mara 15 chini ya alumini, hivyo kitako chembamba huunguza chakula mahali pamoja na kukiacha kibichi kwingine. Tafuta chenye kitako kinene kilichofumbata alumini katikati.

Wengi hukilaumu chuma cha pua kwa kugandisha mayai na samaki, kumbe tatizo ni moto. Kipashe kwanza bila mafuta, udondoshe tone la maji. Likichemka na kukauka papo hapo, bado. Likijiviringa na kuteleza kama lulu, punguza moto kidogo, tia mafuta, kisha samaki aliyefutwa maji. Usimgeuze haraka, akishapata rangi ataachia mwenyewe. Chumvi nayo itie maji yakishachemka, maana chembe zinazotua chini bila kuyeyuka hutoboa vishimo.

Sufuria za alumini ni nyepesi, nafuu, na husambaza joto vizuri. Kwa wali na ugali zinatosha, mradi ziwe nene. Mchuzi wenye uchachu usiulaze humo. Tahadhari zaidi inahitajika kwa zile zinazosubiwa kwa vyuma chakavu vya kila aina: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu sufuria za namna hiyo nchini Kamerun ulikuta kuwa madini ya risasi yanaweza kutoka na kuingia katika chakula.

Unapokwenda kununua, inua chombo uone uzito wake. Weka rula kwenye kitako uhakikishe kimenyooka. Tikisa mpini: uliopigiliwa ribiti hudumu kuliko uliofungwa skrubu moja, na wa plastiki hauvumilii jiko la mkaa. Huhitaji seti nzima. Kikaango kimoja cha chuma cha kusubu na sufuria moja ya chuma cha pua yenye kitako kinene vitabeba sehemu kubwa ya mapishi ya nyumbani. Vingine ongeza kidogo kidogo, kila kimoja kwa kazi unayoijua.