Kwa Nini Unakunywa?

Sisi tunaosoma saikolojia tuna swali moja ambalo washkaji hawalipendi: kwa nini unakunywa? Wengi hujibu, "Basi tu, tunakula bata." Muhula huu nimesoma kuhusu pombe na Walatino, yaani wanafunzi wa vyuo vya Marekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Huko nimeona kwamba swali hilo lina uzito kuliko kuhesabu chupa.

Mwaka 1994 mwanasaikolojia M. Lynne Cooper aliziweka sababu za kunywa katika mafungu manne: kuchangamka na wenzako, kutafuta raha yenyewe, kukimbia mawazo, na kuogopa kutengwa na kundi. Anayetafuta raha mara nyingi hunywa nyingi. Lakini anayekimbia mawazo ndiye aliye hatarini zaidi, hata kama chupa zake hazizidi za wenzake. Pombe ikimtoka kichwani, shida anaikuta palepale, na njia nyingine ya kuikabili hajajifunza. Basi anarudi kwenye chupa.

Tukija kwa Walatino, msidhani wao ndio walevi wa chuo. Kwa wastani, wanafunzi Wazungu huwazidi kwa kunywa. Wenyewe kwa wenyewe pia wanatofautiana: tafiti za Raul Caetano na wenzake zimeonyesha kuwa wenye asili ya Puerto Rico na Mexico hunywa zaidi ya wenye asili ya Cuba. Tena kwa wanawake, kadiri wanavyozoea maisha ya Kimarekani ndivyo unywaji unavyoongezeka.

Mazingira nayo yanachangia. Marekani sheria inataka ufikishe miaka 21 ndipo ununue pombe. Lakini Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, ambacho wanafunzi wake wengi ni Walatino, kipo mpakani kabisa. Ukivuka daraja tu uko Ciudad Juárez, Mexico, ambako miaka 18 inatosha.

Mzigo wao mkubwa, naona mimi, haupo baa. Wengi ndio wa kwanza katika ukoo kukanyaga chuo. Nyumbani wanategemewa, darasani wengine wanabaguliwa, na hawajui wa kumuuliza. Hapo ndipo ile sababu ya tatu inapopata mlango. Bahati nzuri familia hiyohiyo ni kinga pia: heshima kwa wazazi, au kuishi nao tu wakati wa masomo, huwazuia wengi wasizidishe.

Kwa hiyo rafiki yako akizidisha, usianze na "umekunywa ngapi?" Muulize anakunywa ili iweje. Akisema anataka kuchangamka, mkumbushe kiasi na njia salama ya kurudi hosteli. Akisema anataka kusahau, acha utani, kaa naye umsikilize, na kesho yake msindikize kwa mshauri nasaha. Huyo ana shida ambayo bia haiijui.