Tuipe kompyuta vitenzi vya mwananchi

MTU anayebonyeza *334# kwenye kabambe yake katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii ameandika amri, sawa na mhandisi anayeandika amri kwenye skrini nyeusi ya tarakilishi. Hakuna picha za kugusa hapo. Ni maandishi matupu, na ukikosea alama moja mambo yamekwama.

Mfumo wa Unix, uliobuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, umejaa amri fupifupi kama vile rm, cp na ls. Mzawa wa Kiingereza huona ndani ya rm mabaki ya kitenzi cha kwao chenye maana ya kuondoa. Mwanafunzi kutoka Borabu huona herufi mbili tu, akazikariri kama nambari ya gari. Isitoshe, rm ni amri katili: hufuta faili papo hapo, kwa kawaida haiulizi, wala haina pipa la kuokolea kilichotupwa.

Dawa ipo, tena ni ya mstari mmoja:

alias futa='rm -i'

Kuanzia hapo mashine itaitikia futa, na itauliza kabla ya kufuta. Mstari huo ukiwekwa katika faili ya .bashrc, utakuwepo kila mara unapofungua upya. Mhandisi ameachiwa rm yake. Mgeni amepewa kitenzi anachokijua.

Watu wa simu waliigundua siri hii mapema. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na "Tuma Pesa" haihitaji mkalimani hata kwa nyanya wa Nyamira ambaye hakwenda shule, kwani kwa Ekegusii kutuma ni toma na pesa ni chibesa. Kisha tazama Sambaza, Okoa Jahazi, Fuliza. Vyote ni vitenzi vya kuamuru! Kufuliza, yaani kufanya jambo mfululizo bila kukatiza, kulikuwa kumelala kamusini hadi mwaka 2019 kulipogeuzwa jina la mkopo. Leo hata makanga wa matatu atakwambia, "Nimefuliza, boss."

Hata hivyo, "Toa Pesa" hunitatiza. Kutoa ni kuondoa kitu kilimo, lakini pia ni kumpa mtu, ni kuchanga katika harambee. Mzee anayetaka fedha zake mwenyewe kwa wakala ana haki ya kusita. Mimi ningeandika "Chukua Pesa". Sikatai kwamba watafsiri wamebanwa: ujumbe mmoja wa huduma hizi za USSD hubeba herufi 182 pekee, nafasi zikihesabiwa, nayo maneno yetu si mafupi.

Ila menyu isiyoeleweka ina gharama. Msimu wa bonasi ya majani chai nimeona wazee wakimkabidhi kijana wasiyemjua simu pamoja na nambari ya siri, ati awasomee. Hapo ulinzi wote wa kiteknolojia umekwisha, na aliyeuvunja si mdukuzi bali ni msamiati.

Ndiyo maana napendekeza wanaounda programu hizi waje Kebirigo na Keroka kabla ya kuzizindua. Waketi na wachuma chai na wauza ndizi, wawape kabambe, wanyamaze, watazame kidole kinasita wapi.