Mchumba Wangu, Mimi na Gari la Rimoti

Hivi mwenzi wako akikwambia, "Jiandae, Jumamosi twende Nyumba ya Mungu," wewe ungevaa nini? Mimi nilivaa gauni jipya, soksi ndefu za nailoni na viatu vya kisigino. Nikajua leo ni perege wa kukaanga, upepo wa bwawani na maneno matamu. Kumbe! Tuliiacha barabara kuu ya Moshi–Same tukala vumbi, na ufukweni tukawakuta wanafunzi watano na kigari cha ukubwa wa boksi la viatu.

Mchumba wangu ni fundi umeme, na huwasaidia wanafunzi hao kuunda gari la rimoti la njia mbovu kwa ajili ya mashindano. (Marekani wanafunzi wa uhandisi wanashindana kwa magari ya Baja tangu 1976, ila yale mtu anapanda.) Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba betri na mota vilitoka kwenye akiba yetu ya harusi. Shilingi 180,000, bila kuniambia! Jamani, nilinuna.

Lakini ningekwenda wapi? Nikakaa chini ya mgunga. Bwawa hili linazuia maji ya Ruvu na Kikuletwa, na kituo chake cha umeme cha megawati 8 kilianza kazi 1968. Kiangazi maji yakirudi nyuma yanaacha mawe, mchanga na tope lililopasuka. Uwanja wa majaribio wa bure!

Gari lilipanda mwinuko mara mbili, ya tatu likazima. Mota ilikuwa ya moto, haishikiki. Binti wa kidato cha tatu akasema gia ndogo ya mota ina meno mengi mno: tambarare gari linakimbia, lakini mlimani mota inavuta umeme kupita kiasi. Wakatoa ya meno 20, wakafunga ya 15. Mbio zikapungua, nguvu ikaongezeka. Betri nayo wakaishusha chini ya fremu, maana ilipokuwa juu gari lilipinduka kila kona.

Likabaki vumbi. Feni ya kifaa kinachotawala mwendo ilikuwa inalivuta lote ndani. Ukiziba kwa plastiki, joto litakiua. Wakaanza kutafuta kitambaa chepesi, kinachopitisha hewa na kuzuia vumbi. Wakatafutaaa! Mimi nikaangalia miguu yangu. Nikaenda nyuma ya gari letu, nikarudi peku, soksi mkononi.

Lilipanda mara sita mfululizo. Nilipiga vigelegele, nisikufiche.

Njiani kurudi ndipo nikamuuliza, "Mpenzi, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utasema ni mchezo wa watoto."

Ni kweli ningesema. Ila pesa ya wawili huitoi peke yako, na hilo nalo nikamwambia, bila kupaza sauti. Tukakubaliana arudishe 30,000 kila mwezi, miezi sita, na soksi mpya juu.

Ameshalipa miezi miwili. Soksi bado.