Dawa ni ile ile, safari si ile ile: nafsi na mahali katika dawa za njozi



Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hatulizungumzi majumbani, na huku watoto wetu walioko vyuo vikuu vya Uingereza, Marekani na Kanada wanalisikia kila siku. Nakusudia hizi dawa ziitwazo saikedeliki, yaani LSD, silosibini iliyomo ndani ya aina fulani za uyoga, meskalini ya mmea wa peyote, na jamaa zake. Mimi nitaziita dawa za njozi, kwa sababu mtu huona na kuhisi mambo kama ya ndotoni na huku yu macho.

Ukiuliza watu utapata majibu mawili. Mmoja atakwambia, "Hiyo ni sumu ya wazimu, basi." Mwingine atakwambia, "Hiyo ni dawa ya ajabu, inaponya huzuni." Wote wawili wana kosa moja: wanaidhania dawa hii ni kama panadoli, kwamba ukishaimeza inakwenda kufanya kazi yake ile ile kwa kila mtu, kila siku, kila mahali. Sivyo. Watafiti wa mambo haya kwa zaidi ya miaka sitini wamekuwa wakisema kwamba yatakayomkuta mtu yanategemea vitu vitatu: dawa yenyewe na kipimo chake, nafsi ya anayeitumia, na mahali alipo.

NAFSI NI NINI, NA MAHALI NI NINI?

Nafsi hapa maana yake ni kila kitu anachokuja nacho mtu: tabia yake, hofu zake, nia yake, mafunzo aliyolelewa nayo, anachotarajia kitatokea, na hali yake ya siku ile. Kafiwa? Kagombana na mkewe? Ana wasiwasi wa makaratasi ya uhamiaji? Yote hayo huingia naye.

Mahali si chumba tu. Ni watu waliopo na kama anawaamini, ni mwanga, sauti na muziki, na pia mila na sheria za jamii inayomzunguka. Anayejificha kwa kuogopa polisi hayupo mahali pamoja na aliyelala juu ya kochi huku daktari kakaa pembeni yake, hata kama vyumba vyao vinafanana.

Aliyelipa wazo hili umaarufu ni Timothy Leary, mwanasaikolojia wa Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leary mwenyewe alikuwa na maneno mengi, na mwaka 1963 Harvard iliachana naye. Lakini wazo hili si lake peke yake, na ushahidi wake ulianza kabla yake.

JIRANI ALIYEGEUKA MCHAWI

Tuanze na mtu wa kwanza kabisa. Albert Hofmann, mkemia wa kampuni ya Sandoz huko Basel, Uswisi, aliitengeneza LSD mwaka 1938. Tarehe 19 Aprili 1943 akaijaribu mwenyewe kwa makusudi, robo ya miligramu, akidhani ni kipimo kidogo. Kumbe ni kikubwa. Akarudi nyumbani kwa baiskeli akiwa hoi. Jirani yake, mama mtu mzima aliyemletea maziwa, akamwona kama mchawi mwenye sura ya kutisha. Akadhani anakufa, au kishapata wazimu.

Daktari akaja, akampima, asikute kasoro yoyote isipokuwa mboni za macho kutanuka. Hofmann alipotulia kwamba hafi, zile picha za kutisha zikaanza kugeuka rangi nzuri za kufurahisha. Ni kweli nguvu ya dawa nayo ilishaanza kupungua. Lakini angalia: mtu ni yule yule, dawa ni ile ile, usiku ni ule ule. Kilichobadilika zaidi ni hofu.

PEYOTE MOJA, WATU WAWILI

Mwaka 1959 mtaalamu wa Kimarekani wa mambo ya jamii na tamaduni, Anthony Wallace, alilinganisha taarifa za makundi mawili yaliyotumia dawa ya peyote. Kundi la kwanza ni Wazungu waliopewa meskalini katika majaribio ya kitabibu. La pili ni Wahindi Wekundu wa Marekani wanaokula peyote katika ibada zao za usiku, wakiwa na nyimbo, ngoma, moto na wazee wao.

Wazungu wale walikuwa wakipanda na kushuka, mara kicheko mara huzuni, wengine wakaanza kumshuku kila mtu na kufanya mambo ya aibu. Wale wa ibadani walikuwa watulivu, wenye unyenyekevu, na waliona njozi zinazolingana na imani yao. Si kwamba damu zao ni tofauti. Mmoja alikuwa chini ya macho ya mpimaji, hajui nini kinamjia, na mwingine alikuwa kwao, na kila alichokiona kilikuwa na jina na maana.

Sisi watu wa mwambao hili halitushangazi sana. Nani asiyejua ngoma ya pepo? Kila pepo ana nyimbo zake, nguo yake na mafusho yake, na fundi hapigi ngoma ovyo. Mtu anapandwa na kichwa bila kumeza dawa yoyote, katikati ya jamaa zake wanaojua la kufanya na wanaojua namna ya kumrudisha. Sisemi kwamba ni kitu kimoja na LSD. Nasema wazee walifahamu kwamba mahali pakitengenezwa, nafsi hufuata.

KANADA: MASHAULI MAZITO

Hapa ndipo penye fundisho kubwa zaidi. Katika miaka ya 1950 madaktari Humphry Osmond na Abram Hoffer, katika jimbo la Saskatchewan, walianza kuwapa LSD wagonjwa wa ulevi. Waliwatengenezea chumba cha starehe, muziki, na mtu wa kukaa nao kwa upole saa zote. Wakatangaza kwamba wengi waliacha au walipunguza pombe.

Watafiti wa Toronto wakataka kuhakikisha kama ni dawa au ni ule upole. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakatoa LSD kwa walevi, lakini safari hii baadhi yao wakiwa wamefungwa mikanda kitandani, na mtafiti akiwauliza maswali. Matokeo: hawakupata nafuu kuliko wale ambao hawakupewa LSD.

Nani alikuwa na haki? Toronto walisema, na ni kweli, kwamba wenzao hawakuwa na kundi madhubuti la kulinganishia. Saskatchewan walijibu, na ni kweli vile vile, kwamba ukimfunga mtu mikanda huku akili yake imefunguka namna ile, umeshamfanyia jambo jingine kabisa. Mjadala huo haujakwisha hadi leo, nitaurudia chini.

KWA NINI IWE HIVYO?

Dawa hizi hushika vipokezi fulani vya serotonini katika ubongo. Ubongo wetu hauioni dunia kama kamera. Unakisia kwanza, kutokana na mazoea, halafu unasahihisha kwa macho na masikio. Nadharia moja inayojadiliwa sana siku hizi ni kwamba dawa hizi hulegeza yale mazoea, kwa hiyo kila kinachoingia, wimbo, sura ya mtu, kumbukumbu ya zamani, kinapata nguvu isiyo ya kawaida. Ndiyo maana wengine huzifananisha na kipaza sauti. Kipaza sauti hakitungi maneno. Ukisema neno zuri litasikika mtaa mzima, na tusi pia litasikika mtaa mzima.

Na nguvu ya matarajio si mchezo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walichapisha jaribio lao: wanafunzi 33 waliambiwa wanapewa dawa inayofanana na ya uyoga, wakawekwa katika chumba chenye muziki, picha na taa za rangi, na ndani yake watu waliojifanya wamekwishalewa. Asilimia 61 walisema wamehisi kitu, wengine waliona picha za ukutani zikicheza. Dawa yenyewe? Haikuwamo. Walipewa vidonge vitupu!

MAHALI PAZURI HAPAONDOI HATARI ZOTE

Ndugu zangu, hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu vijana wengi wakishasikia haya husema, "Basi, tukipanga chumba vizuri na marafiki wazuri, hakuna neno." Hapana.

Kwanza, hofu huja hata penye matayarisho. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilichapisha utafiti wa watu 36 wazima wa akili. Walizungumza na waangalizi wao saa zisizopungua nane kabla ya siku yenyewe, wakalazwa katika chumba kama sebule, macho kufunikwa, muziki masikioni. Wengi walisema ni katika mambo makubwa ya maisha yao. Na bado 11 kati ya hao 36 walipatwa na hofu kali kwa muda fulani. Kilichowaokoa ni kwamba palikuwa na mtu wa kuwashika mkono. Jaribio la Ijumaa Kuu ya mwaka 1962 katika kanisa la Chuo Kikuu cha Boston nalo husifiwa sana, kwamba wanafunzi wa dini waliopewa silosibini walipata hali za kiroho. Kinachosahaulika ni kwamba mmoja wao alitoka nje, ikabidi arudishwe na kupigwa sindano ya kumtuliza.

Pili, kemia haina muhali. Mwenye historia ya skizofrenia au ugonjwa wa hisia mseto, yeye au jamaa zake wa damu, huondolewa katika tafiti hizi, na si bure. Anayetumia lithiamu akichanganya na dawa hizi anaweza kupata kifafa. Iboga ya Gabon, ambayo watu wa Bwiti huitumia katika ibada yenye matayarisho makubwa, ina kemikali inayovuruga mapigo ya moyo, na watu wamekufa. Na kile kinachouzwa mtaani kwa jina la LSD pengine si LSD kabisa.

Tatu, na hili ndilo ninalotaka tulikumbuke kuliko yote: ikiwa mahali ndipo panapoamua safari, basi mwenye mahali ndiye mwenye mamlaka juu ya nafsi ya mtu. Frank Olson, mwanasayansi wa jeshi la Marekani, alitiliwa LSD kinywajini na watu wa CIA mwezi Novemba 1953, bila kujua. Siku tisa baadaye alianguka kutoka dirisha la hoteli huko New York akafa. Familia yake imepinga kwa miaka mingi kwamba alijirusha. Mwaka 1975 Rais Gerald Ford aliwaomba radhi. Hata leo, mtu akiwa katika hali ile ni laini kama udongo wa mfinyanzi, na wapo waliojiita waganga au walezi wakautumia ulaini huo kwa kudhulumu. Kwa hiyo swali la kwanza si "Chumba kina mishumaa?" ila "Nani anakishika chumba, na nani anamchunga yeye?"

SHERIA NA SAYANSI ZIMEFIKA WAPI?

Australia tangu Julai 2023 inawaruhusu madaktari maalumu wa akili kutumia silosibini kwa sonona iliyoshindikana, na MDMA kwa athari za kiwewe. Oregon ilipiga kura mwaka 2020, huduma zikaanza 2023, chini ya uangalizi wenye leseni. Lakini Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa MDMA kwa wakati ule. Miongoni mwa matatizo ni lile lile la Toronto: mgonjwa anajua wazi kama kapewa dawa au la, kwa hiyo utatenganishaje kazi ya dawa na kazi ya matumaini? Uingereza uyoga huu uko daraja A, na nchi za Ghuba zina adhabu nzito. Mtu anayekaa kwa viza na akapoteza kila kitu kwa kosa moja, hiyo nayo ni sehemu ya mahali.

TUFANYE NINI?

Kijana wako akikuuliza, usimrushie matusi, kwani atakwenda kuuliza kwa muuzaji. Mwambie ukweli: mtu aliye peke yake ugenini, mwenye huzuni, asiyelala, anayeficha, huyo ana nafsi na mahali pabaya kuliko vyote.

Na ukimkuta mtu kishatumia na amepagawa, usimpigie kelele, usimfunge, usimzunguke na kundi la watu. Mpeleke pasipo na vishindo, punguza taa, mtajie jina lake, mwambie yuko salama na kwamba hali hii itapita. Usimwache peke yake. Akiwa na joto kali, degedege, maumivu ya kifua, au akitaka kujidhuru, ita gari la wagonjwa mara moja na umwambie daktari kila alichokunywa. Aibu ya familia inaweza kungoja, moyo haungoji.

Basi siku nyingine mtu akikwambia "imemponya fulani" au "imemtia wazimu fulani", muulize: alikuwa katika hali gani, wapi, na nani alikuwa naye? Bila majibu hayo, habari yake ni nusu.

Nawasilisha. Mwenye elimu zaidi, khasa madaktari na wauguzi mlioko humu, atusahihishe na kutuongezea.