Sura ya Lumumba: Baina ya Katuni na Ukumbusho

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sura ya mwanasiasa mmoja, Patrice Emery Lumumba, ilivyochorwa na mahasimu wake na jinsi ilivyochorwa na wasanii wa mitaani, kisha kudokeza jambo ambalo neno moja la Kiswahili cha Kongo linatufunza kuhusu picha hizo.

Mfano wa nje utatusaidia kuanza. Katika Uingereza ya mwisho wa karne ya 18, mwanasheria Thomas Erskine alichorwa kwa namna mbili. Mwaka 1786 Joshua Reynolds alimchora kwa rangi za mafuta, kwa heshima zote. Mwaka 1798 James Gillray alimchapa katika picha ya dhihaka na kumpa jina la Wakili Mimi, kwa kuwa wakili huyo alipenda mno kujitaja katika hotuba zake. Na huyu ndiye aliyemtetea Thomas Paine mwaka 1792, na waliotuhumiwa uhaini mwaka 1794. Picha kama ya Gillray zilitundikwa madirishani mwa maduka, hata asiye na senti ya kununua akapita akacheka. Erskine alichekwa akiwa hai, na mwaka 1806 akapanda hadi cheo cha juu kabisa cha sheria nchini. Dhihaka haikumwua.

Lumumba hakusomea sheria. Alikuwa karani wa posta huko Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Hata hivyo, maisha yake ya siasa yalipitia mahakamani na gerezani. Januari 1960 alihukumiwa kifungo kwa kosa la uchochezi, akapelekwa Jadotville, na siku chache baadaye akafunguliwa ili ahudhurie mkutano wa Brussels uliopanga uhuru. Mwezi Juni mwaka huohuo alikuwa Waziri Mkuu. Wachoraji wa magazeti ya Ubelgiji walimwona kuwa windo rahisi: miwani, ndevu za kidevuni na nywele zilizogawanywa kwa mstari zilitosha. Kwa alama hizo tatu walimfanya shetani. Tofauti na Erskine, katuni hizi zilimtayarishia msomaji moyo wa kutohuzunika, kwani tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa huko Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na baadaye miili yao ikayeyushwa kwa asidi. Hapakubaki kaburi.

Palipokosekana kaburi, picha ilichukua nafasi yake. Si kila mara kwa wema. Waasi wa Simba walipoiteka Stanleyville mwezi Agosti 1964, watu waliohesabiwa kuwa wasaliti waliuawa hadharani mbele ya mnara wa Lumumba. Huko mashariki, hasa kando ya barabara itokayo Bukavu, ikapita Itebero na Walikale hadi kufika Kisangani, jina la Lumumba halikuwa jambo la vitabuni; lilikuwa jina ambalo kwalo mtu aliweza kuponea au kuangamia. Mobutu naye, ambaye alishiriki katika kuanguka kwake, alimtangaza shujaa wa taifa tarehe 30 Juni 1966.

Katika mazingira hayo ndipo tunapokutana na Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji ambao sasa ni Lubumbashi. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake katika picha 101, akizieleza kwa Kiswahili cha Shaba huku kinasa sauti kikifanya kazi. Alijiita mwanahistoria, na hatuoni sababu ya kumnyima cheo hicho. Miwani na ndevu ni zilezile za katuni za Ubelgiji, lakini maana imepinduliwa. Katika picha ya kifo, maiti tatu zimelala chini na kwa mbali imesimama misalaba mitatu. Ubavu wa Lumumba una jeraha, na damu inayotiririka inaandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Tshibumba alimweleza Fabian kwamba kwa maoni yake Lumumba ndiye Bwana Yesu wa Zaire.

Linalopasa kuangaliwa na mwanafunzi wa Kiswahili ni mgawanyo wa lugha. Maandishi yaliyo juu ya turubai ni ya Kifaransa, tena mafupi, yaani lugha ya serikali na ya shule. Simulizi ni la Kiswahili, refu, lenye kurudi nyuma na kukosoa. Asomaye maandishi ya turubai peke yake amesoma sehemu ndogo tu ya kazi hiyo.

Wenyeji wa Lubumbashi waliziita picha za namna hii, pamoja na zile za askari wa kikoloni akisimamia mchapo wa viboko, kwa jina la ukumbusho. Neno hili tunalijua pwani pia, ila huko tumelizoea katika minara na sherehe. Tulitazame umbo lake. Halitokani moja kwa moja na kukumbuka, bali na kukumbusha, kitenzi cha kusababisha. Kwa hiyo ubora wa picha hauamuliwi na kufanana kwake na mtu aliyechorwa. Huamuliwa na maneno ambayo picha inamtoa mwenye nyumba inapotundikwa sebuleni na mgeni akauliza. Katika enzi ambayo kulaani watawala hadharani kulikuwa hatari, picha ya Mbelgiji na kiboko chake ingeweza kuzua mazungumzo juu ya viboko vya wakati huo bila ya mtu kutaja jina.

Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino moja, ambalo ndilo lililosalia katika mwili wa Lumumba. Jeneza lake lilipitishwa Sankuru alikozaliwa, Kisangani na Lubumbashi, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Juu ya jeneza na mabango ya msafara ilikuwapo sura ileile: miwani, ndevu, na mstari wa nywele.