Upatu na Dhamana: Jinsia katika Msamiati wa Mikopo

Makala haya yanachunguza maneno mawili, upatu na dhamana, ili kueleza jinsi wanawake wenye biashara ndogondogo nchini Tanzania wanavyopata mtaji na ushauri.

Kwa asili upatu ni ala ya madini mfano wa sahani, ipigwayo ngomani. Maana ya kuchangiana fedha kwa zamu ni ya ziada. Kitenzi chake ni cheza: watu hucheza upatu, hawasemi wanakopa, ingawa apokeaye mwanzo kwa hakika amekopeshwa na wenzake. Msimamizi ni kijumbe, na amana yake ni uaminifu. Aidha, kundi hilo ni baraza la ushauri: humo hujadiliwa bei, wauzaji wa jumla na wadaiwa sugu.

Dhamana ya benki, kwa upande mwingine, aghalabu ni mali, hasa ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na rehani ya nyumba ya ndoa huhitaji ridhaa ya mwenzi. Hata hivyo, hati ikiwa na jina la mume pekee, mke hubaki na uwezo wa kuridhia mkopo wa mwenzake, si wa kuomba wake mwenyewe.

Kwa hiyo, miaka ya kucheza upatu bila kukosa zamu ni ushahidi wa ukopaji mwema usiosomeka benki. Daftari la kijumbe likikubaliwa kuwa kumbukumbu ya mikopo, dhamana itarejea kwenye maana yake pana: kubeba jukumu kwa ajili ya mwingine.